Mkazaji wa Drams za Kanisani

Nilichokiona kwanza kwake ni kidole gumba. Kabla ya kuchagua ufunguo, hukipitisha juu ya kila bolti ya drams za kanisa letu hapa Bariadi, akizipima pembe zake nne. Ufunguo uliozidi kidogo tu huurudisha mfukoni. "Huu utazila pembe," husema, kisha hujaribu mwingine. Hukaza bolti moja, halafu ile inayoielekea, sikio likiwa karibu na ngozi. Zamani ndiye aliyezipiga. Wazee wa kanisa walimsimamisha baada ya kuonekana kijijini Nkololo akipiga ngoma kwenye mbina, mashindano ya ngoma za asili ambayo wachezaji huyaendea na dawa za waganga. Lakini drams zikilegea, wanamwita yeye.

Jana alipomaliza aligonga mara moja kujaribu sauti. Masunga, mwalimu wa kwaya, akamkatiza: "Inatosha, mzee. Shuka."

"Kukaza ruksa, kupiga dhambi?"

Wanakwaya walicheka. Yeye aliifuta ngozi kwa kiganja, akashuka jukwaani. Jumamosi wazee wa kanisa watakaa kuamua kama atarudishwa. Tangu Jumatatu, kila asubuhi hunisimamisha njiani: "Kijana, wanaanza saa nne, sivyo?"