Nguo ya Kumzika Fortunato

Kwetu San Andrés, kijiji cha wavuvi, mtu akifa baharini na mwili usipatikane, tunazika nguo zake. Lakini si nguo yoyote tu. Iwe aliyoivaa mwenyewe, yenye jasho lake, ambayo haijaguswa na maji. Inalazwa mezani, inawashiwa mishumaa, watu wanakaa nayo matanga, kisha inaingia kaburini kama mwenyewe. Nguo iliyofuliwa haifai, maana hiyo ni kitambaa tu, haina mtu ndani.

Zenobia Huayra alikuwa mjane asiye na nguo ya kuzika. Hilo lilimla miaka kumi na minane, na mimi Otilia Legua, mwenye mdomo unaotangulia miguu, nilichangia kumla.

Huyu Zenobia alishuka pwani kutoka milima ya Huancavelica akiwa msichana, na kofia yake nyeusi ya sufu ambayo hajaivua mpaka leo, nadhani hata kulala analala nayo. Aliolewa na Fortunato, wakakosa mtoto. Kazi ya Fortunato ilikuwa kuvua samaki chini ya majabali ya jangwa la Paracas, pale karibu na mwamba tunaouita Kanisa Kuu. Alikuwa akishuka kwa kamba hadi maji yanapopiga, na rafiki yake Abelardo Muñante anashika kamba juu. Samaki wa pale ni wakubwa, na sababu ya wao kuwa wakubwa ni kwamba watu wenye akili hawaendi kuwavua.

Asubuhi moja ya ukungu mwezi wa Julai, mwaka 2005, wimbi lilimchukua. Abelardo alivuta kamba ikaja tupu.

Sasa sikiliza balaa. Siku hiyohiyo gari la maji lilikuwa limefika mtaani baada ya siku tisa. Gari la maji likija, kila mwanamke anafua, asije akamaliza mwezi mzima na nguo chafu. Zenobia alifua kila kitu cha mumewe: suruali, mashati, blanketi, hata soksi iliyokuwa haina mwenzake. Abelardo alipofika saa kumi jioni na habari, nguo zote za Fortunato zilikuwa kwenye kamba zinadondosha maji.

Na kule milimani kwa kina Zenobia kuna desturi yao: mtu akishafariki, siku ya tano nguo zake hufuliwa ili roho iondoke. Majirani ndio wanaofua. Mke hagusi, kwa sababu mke akifua ni kama anamfukuza.

Mimi nilisimama pale mlangoni, nikaitazama ile kamba, nikasema kwa sauti, “Amemfulia kabla hajafa.”

Maji yakimwagika hayazoleki. Jumapili iliyofuata maneno yangu yalishafika kanisani na kurudi, yakiwa yamenenepa. Watu wakaacha kupita kwake. Zenobia akaacha kututazama.

Ndipo akaanza kwenda kwenye ule mwamba. Kila alfajiri alipanda lori la wachuma mwani, akashushwa ukingoni, akaweka kigoda chake na beseni la mahindi ya kukaanga awauzie wageni wanaokuja kupiga picha. Wakati ule Kanisa Kuu lilikuwa bado zima, kuba la jiwe jekundu lililochongwa na bahari, na tao lake likikanyaga majini. Tetemeko la Agosti 2007 likaliangusha tao. Siku hizi waongozaji huwaonyesha wageni picha ya zamani, kisha wanawaonyesha kisiki kilichobaki, na wageni wanatikisa vichwa kama wamekuja msibani. Zenobia hakuhama. Alisema mumewe amefunikwa na yale mawe, basi yeye atakaa juu yake.

Kila tarehe mosi Novemba, siku ya kuwakumbuka wafu, sisi wengine tukiwa makaburini na maua, chakula na mpiga gitaa, yeye alizunguka ukuta wa makaburi kwa nje kisha akarudi nyumbani. Padri alimhurumia, akamwambia picha ya marehemu ingetosha kuzikwa.

“Picha haitoki jasho, Padri,” akamjibu.

Mwaka juzi akachoka. Aliingiza jiwe moja la lile tao lililoanguka kwenye beseni, akalifunika kwa mahindi, apate hata hilo la kuzika. Jangwa lile ni hifadhi ya serikali, na langoni askari wa hifadhi, kijana mpole anayeitwa Wilmer, aliona beseni linamlemea kuliko kawaida.

“Bibi, mahindi ya leo ni ya chuma?”

“Ni mabichi.”

“Bibi yangu, nafukuzwa kazi. Hata kokoto hairuhusiwi kutoka humu.”

“Mume wangu mlimruhusu kubaki. Mimi nachukua jiwe moja. Nani anamdai mwenzake?”

Wilmer alilirudisha lile jiwe mwenyewe, kwa mguu, mchana wa jua kali, na alirudi macho yamemwiva. Habari ilinifikia kabla kijana hajafika langoni. Mimi nina kibanda cha kukaanga samaki palepale hifadhini, Lagunillas, na kila anayepita hula na kusema. Nikaisimulia meza hadi meza. Meza ya mwisho alikuwa Abelardo Muñante, anakunywa supu. Aliweka kijiko chini, akaondoka na supu haijafika nusu, yeye ambaye huwa analamba bakuli.

Kesho yake alikuja kwangu na kiroba kwapani.

“Tila, nisindikize kwa Zenobia. Peke yangu miguu haitafika.”

Tulimkuta anachambua mahindi. Hakutukaribisha. Abelardo aliweka kiroba mezani, akatoa sweta ya kijivu, nene, kiwiko kimoja kimetiwa kiraka.

“Asubuhi ile nilikuja bila sweta,” alisema. “Nilikuwa natetemeka. Akaivua yake akanirushia, akasema mwenye kushuka na kamba haoni baridi. Nikaivaa. Alipochukuliwa, nilikuwa nimeivaa. Shemeji, ningekujaje hapa na habari ile nikiwa ndani ya nguo ya mumeo? Niliivua njiani, nikaificha darini kwangu. Siku ya kwanza nilishindwa kusema. Ya pili niliona haya. Baada ya mwaka ningeanzia wapi?”

Zenobia aliichukua, akaiweka usoni, akakaa hivyo mpaka nikaogopa.

“Mafuta ya taa na vitunguu,” alisema. “Ni yeye.”

“Ni yeye, shemeji.”

“Miaka kumi na minane, Abelardo.”

“Naam.”

“Watu wanasema nilimfukuza mume wangu, nawe umeniwekea mume wangu darini pamoja na panya.”

Abelardo alilia, mtu mzima na mvi zake. Zenobia hakumbembeleza. Aliikunja ile sweta taratibu, kisha akamwambia, “Kachonge jeneza. Fupi. Na upige randa vizuri, asichomwe na vibanzi.”

Matanga yalianza Jumamosi mchana. Sweta ililazwa mezani juu ya shuka jeupe, mishumaa minne, majani ya koka ya kutafuna kwenye sahani, supu ya kuku jikoni. Watu ambao hawakumsalimu tangu mwaka ule walikuja na sukari na mishumaa, wakakaa ukutani wakitazama viatu vyao. Mimi nilikaa karibu yake. Nilikuwa nimejiapiza kukiri.

“Zenobia, lile neno la siku ya kamba ya nguo, nililisema mimi.”

“Najua. Nilikuwa ndani. Sauti yako inavuka ukuta.”

“Nisamehe.”

“Pokea watu sukari, Tila, wanasimama na vifurushi mlangoni.”

Hakusema amenisamehe, na sikuthubutu kuuliza tena. Jumapili, muda wa kufunika ulipofika, aliomba abaki na jeneza peke yake chumbani, kisha tukasikia nyundo. Misumari yote alipiga mwenyewe. Tulimzika Fortunato kwenye makaburi ya San Andrés, na jina lake likaandikwa kwa rangi nyeusi kwenye msalaba. Nilirudi nyumbani nimepumua. Nilidhani yameisha.

Wiki iliyofuata nilipita pale ukingoni nikitoka kibandani, nikijua nitakuta kigoda hakipo. Mjane aliyezika hana la kufanya pale. Upepo wa Paracas ulikuwa umeamka, ule unaorusha mchanga mpaka kwenye meno, na wageni wote walishakimbia. Zenobia alikuwa amekaa palepale, ameupa mgongo upepo, anatazama kile kisiki na ndege walivyokijaza.

Nilichuchumaa ubavuni mwake. Shali yake ilipeperuka, nikaona mkono wake wa kushoto, kutoka kwenye kifundo hadi begani, umevikwa kitu cha kijivu chenye kiraka kwenye kiwiko.

“Zenobia. Si tulizika?”

“Tulizika.”

“Na huu?”

“Mkono mmoja tu. Ule mwingine nimemwachia ajifutie pua.”

“Lakini ukibakiza kitu roho haiondoki. Utakuwa umefanya kazi bure. Ulitaka apumzike.”

“Nilitaka.” Alivuta shali akaufunika. “Nilikuwa na mkasi wa kukatia nyuzi tu, Tila. Nikamtazama pale sandukuni, amejaa vizuri, yuko tayari kwenda. Nikaona nikimpa yote, kesho nani atanisumbua?”

 Jua lilikuwa limeshuka na lori la mwani lilikuwa bado halijafika. Nyumbani nilikuwa na mume anayesubiri chakula, tena analalamika, na niliona aibu kuinuka.