Busaa ya mama ndani ya pipa la soda

Saa moja asubuhi, baa moja ya mtaa wa Gatina, Kawangware, jijini Nairobi, bado haijafunguliwa. Viti vimepinduliwa juu ya meza. Nyuma ya kaunta mwanamke amepiga magoti, ameshika mpira mwembamba wa plastiki unaotoka kwenye pipa la bia kwenda kwenye mfereji wa kumiminia.

Maji ya moto yenye dawa yanapita ndani ya mpira huo, yakikokota utando wa bia ya wiki nzima. Yanatoka ya manjano, kisha meupe, kisha safi. Anayakinga kwa gilasi, anayainua kuelekea dirishani, halafu anayanusa.

"Ukiangalia tu utasema ni safi," anasema Phanice Musimbi. "Mimi lazima ninuse. Bia ikianza kuharibika kwa mpira, pua inajua siku mbili kabla ya mdomo."

Bridgit, mhudumu wa baa hiyo, anapitisha kitambaa cha kupigia deki karibu na miguu yake.

"Mama Elvis, maliza basi. Kreti zinaingia saa mbili."

"Wacha kunikimbiza kama kuku. Nikifanya haraka wateja wako wataharisha, na si mimi nitakuoshea choo."

"Haki wewe!" Bridgit anacheka, anarudi kwenye ndoo yake.

Musimbi ana umri wa miaka hamsini na mitatu. Amesafisha mipira ya bia kwa miaka kumi na mmoja, katika baa tisa za Kawangware na Kibera. Alianza kwa kumbebea maji fundi wa mashine za keg, bia ya pipa, akamwangalia mpaka akajua. Hulipwa shilingi mia tatu na hamsini kwa kila mfereji, na wiki ikiwa nzuri hufikisha elfu nne.

Anapoondoka anainama chini ya kaunta na kuvuta gunia lililojaa nusu. Si la vyombo vyake vya kazi. Analitupa begani kama mtu aliyezoea.

"Hili utaliona mwisho," anasema. "Kwanza twende uone pipa."

Chumba chake kiko Kambi Muru, Kibera. Ni kidogo na kimepangwa vizuri, pazia la maua limegawa kitanda na jiko. Kando ya kitanda, mahali ambapo majirani wake wengi wameweka televisheni, limesimama pipa la chuma, jembamba, refu kama mtoto anayejifunza kusimama. Amelifunika kwa kitambaa cha kufuma.

Ni pipa la lita kumi na tisa la aina ambayo mahoteli yalikuwa yakiletewa soda zamani. Mapipa ya bia yaliyo kwenye baa yana mhuri wa kampuni, na Musimbi hakutaka la mtu. Hili alilikuta kwa muuza vyuma kuukuu hapa Kibera, likiwa limeegemea fremu ya baiskeli.

"Alikuwa ameliweka na vyuma vya kuyeyushwa. Nilimpa elfu tatu, nikaondoka haraka kabla hajajua ni kitu ya maana."

Ndani ya pipa hilo Musimbi hutia busaa, pombe ya unga wa mahindi na kimera cha wimbi. Huipika mwenyewe, ndoo moja kwa wakati. Haiuzi hata kikombe. Anaitengeneza kwa sababu moja: anataka iwe sawa na ile ya mama yake, Jerida Kageha, na anataka mama mwenyewe aseme kwamba ni sawa. Mama yake ana umri wa miaka themanini na minne.

Jerida alikuja Kibera kutoka Maragoli mwaka wa 1978, akiwa na watoto watatu na sufuria mbili. Chumba chao hakikuwa mbali na hiki. Jioni wanaume walikuwa wakirudi kwa miguu kutoka viwandani, simenti bado iko kwenye nyusi, wanakaa kwenye mabenchi mawili ya mbao. Jerida aliwapimia busaa kwa makopo ya Kasuku, yale ya mafuta ya kupikia.

"Ilikuwa ya joto," Musimbi anakumbuka. "Ukiingia ukiwa na baridi, unashika kopo na mikono mbili kwanza. Mtu akiwa amefiwa, mama hakuwa anamuuliza. Anamwekea tu. Halafu wanaanza kuimba polepole, nyimbo za nyumbani, mimi nalala nikizisikia."

Polisi walipokuja kusaka pombe hiyo ya magendo, kila mtoto alikuwa na kazi yake. Ya Musimbi ilikuwa kukaa juu ya mtungi, sketi ameitandaza, kitabu cha hesabu mkononi. "Nilijua hesabu sana," anasema, na kucheka mpaka anajifuta machozi. Anaendelea kujifuta hata baada ya kicheko kwisha.

Mwaka wa 1991 Jerida aliokoka. Siku iliyofuata alivunja mtungi, akamwaga kimera kilichobaki, na baada ya miaka michache akarudi kijijini karibu na soko la Chavakali. Tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari za busaa. Binti yake akiuliza, alijibu neno moja: iliisha.

"Sikumlaumu. Lakini hakuna mtu alikuwa ameandika mahali. Nilijua vile inafanywa, kwa sababu nilikuwa naona. Unga unachachuka, unakaangwa, unaweka kimera, unangoja, unachuja. Nilifanya hivyo yote na haikuwa yenyewe."

Shahidi wake ni Mzee Khaemba, mwenye miaka sabini na sita, aliyekuwa bawabu wa kiwanda na mteja wa mabenchi yale. Anaishi mlango wa nne kutoka kwa Musimbi. Kila ndoo ikiiva anaitwa, anavua kofia na kunywa nusu kikombe.

"Msichana wa Jerida," humwambia, "hii ni pombe nzuri. Lakini si ya Jerida."

"Imekosa nini, mzee?"

"Ningejua, si ningeipika mimi?"

Ikabidi aulizwe mama mwenyewe. Na Jerida hasafiri tena, miguu yake huvimba. Miaka mitatu iliyopita Musimbi aliamua kumpelekea busaa ndani ya mtungi wa plastiki wa mafuta. Basi lilipofika Nakuru mtungi ulikuwa umefura kama tumbo la ng'ombe. Kabla ya Kericho kifuniko kilitoka. Alishushwa yeye na mtungi wake kando ya barabara, blauzi imelowa, abiria wakimsindikiza kwa maneno ambayo hataki kuyarudia.

Alikaa kwenye nyasi akifikiria kazi yake. Bia anayoishughulikia kila siku hutoka mbali kwa lori na hufika ikiwa sawa, kwa sababu imo ndani ya chuma, imepoa, na hewa haiingii.

"Nikajiuliza, sasa mimi nasafisha pipa za watu miaka hii yote, na pombe ya mama naibeba kwa plastiki?"

Ilimchukua miezi saba kukusanya vifaa. Mtungi mdogo wa gesi ya kaboni ya kusukuma pombe, uliokuwa wa kuzimia moto, aliupata kwa elfu nne ukiwa umepimwa na kujazwa upya. Kipimo cha kupunguza nguvu ya gesi kilikuwa cha mkono wa pili. Mpira na mfereji vilikuwa bure: Kimotho, mwenye baa ya Gatina, alikuwa ameviondoa alipobadilisha mashine.

Muia, fundi wa friji kule Kabiro, ndiye aliyemfungia kipimo kwenye mtungi. Hakumwachilia bila maneno.

"Nyinyi Waluhya, siku moja mtaweka hata ugali kwa pipa."

"Na nyinyi Wakamba mngepewa hili mngelichonga twiga," Musimbi akamjibu.

Muia alimfundisha kupaka povu la sabuni kila mahali panapoungana, maana gesi ikivuja povu hutoa mapovu makubwa. Somo hilo alilipuuza mara moja tu. Aliamka na kukuta mtungi mtupu, gesi ya shilingi mia tisa imekwenda kimya kimya.

Busaa ya kwanza aliifunga ikiwa bado inachemka yenyewe. Alipofungua mfereji iligonga dari, ikarudi chini, ikamkuta Bridgit aliyekuwa amekuja kutazama akiwa na wigi jipya. Ya pili ilitulia, akamwita Mzee Khaemba. Mzee alinusa akakunja uso.

"Mbona pombe yako inanuka Krismasi?"

Ilikuwa harufu ya soda ya machungwa, iliyokuwa imejificha ndani ya raba za kifuniko kwa miaka yote hiyo. Musimbi alinunua raba tano mpya kwa shilingi mia nne, akaosha pipa kwa maji ya moto na dawa ile ile anayotumia kwenye baa. Akajifunza kungoja: busaa itulie siku mbili ndooni, ichujwe mara mbili kwa kitambaa ili machicha yasizibe mpira, ipoe kwenye friza ya Kimotho, na gesi iwe kidogo tu, ya kusukuma na kufukuza hewa.

Pasaka iliyopita alilizungushia pipa godoro kuukuu na barafu, akalipakia kwenye buti la basi. Lilifika Chavakali bila kutoa tone.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, kitambaa cha kanisa kichwani. Alilitazama pipa muda mrefu.

"Ni nini hiyo?"

"Ni busaa, mama."

"Mimi nimeokoka."

"Najua. Sitaki unywe. Nataka tu uniambie imekosa nini."

"Shetani naye huanza hivyo hivyo," Jerida akasema, lakini hakuondoka kwenye kigoda.

Musimbi alimkingia kidogo kwenye kikombe. Ilitoka vizuri, baridi, bila machicha. Alikuwa na fahari. Mama yake alisogeza kikombe puani, akakirudisha.

"Hii ni maiti. Nani alikuambia busaa inanywewa baridi kama soda?"

Kwa shida zote za kuipoza, Musimbi alikuwa amesahau mikono miwili iliyoshika kopo. Alikinga sufuria nzima, akaibandika motoni, akaipasha pole pole. Mvuke ulipoanza kupanda, mama yake aliinama bila kuambiwa. Alifumba macho. Musimbi anasema hakuthubutu hata kusogeza kijiko.

"Unga umekaanga na nini?" Jerida akauliza.

"Na makaa. Makaa mazuri, mama, ya kununua."

"Kwani mimi nilikuwa na pesa ya makaa?"

Musimbi anaposimulia hapa anaweka mkono juu ya pipa.

Jerida alikuwa akikaanga unga wa busaa kwa magunzi ya mahindi. Siku hizo Kawangware ilikuwa bado na mashamba, na watu walipukuchua mahindi nje ya nyumba zao na kuyaacha magunzi hapo. Hayakuwa na bei. Moshi wake uliingia kwenye unga, unga ukaingia kwenye mtungi, na wanaume wa simenti wakanywa bila kujua ni nini wanapenda. Jerida hakumwambia mteja yeyote. Alifunga mlango alipokaanga, kwa sababu aliona aibu kupikia watu kwa takataka.

"Na unajua ni nani alikuwa anabeba hayo magunzi kutoka Kawangware mpaka hapa?" Musimbi anauliza. "Ni mimi. Kila Jumamosi, na miguu. Shuleni walikuwa wananiita Magunzi. Nilichukia hilo gunia mpaka nikalisahau. Nikatafuta kila kitu kwa hiyo pombe isipokuwa hayo magunzi."

Ndipo anapolifungua gunia alilotoka nalo Gatina asubuhi. Ni magunzi. Mashamba ya Kawangware yamekuwa magorofa ya kupanga, kwa hiyo anayaomba kwa akina mama wanaochoma mahindi barabarani, kila siku baada ya kusafisha mipira, na kuyaweka chini ya kaunta ya Gatina. Wengine humwuliza kama amefuga nguruwe.

Anapanda kwenye kiti nje ya mlango na kuyaanika juu ya bati, moja moja, akiyageuza yale ya jana. Manyunyu ya Julai yamemchelewesha. Anahitaji yaliyokauka kabisa, ya kutosha kukaanga unga wa pipa moja zima.

Mpango wake ni wiki ya kwanza ya Agosti. Mzee Khaemba ataonja kikombe cha kwanza, kisha pipa lifungwe lipelekwe nyumbani. Siku moja angependa kutafuta leseni na kuiuza kwa njia halali, mapipa mawili au matatu, ikipashwa moto na kupimwa kwa makopo. Lakini hilo linaweza kungoja. Mama yake hawezi kungoja sana.

"Amekataa kabisa kuonja," anasema. "Aliniambia, wewe leta, mimi nitanusa."

Simu yake inalia kitandani. Ni Jumapili, na kule Chavakali watu wametoka kanisani. Kwa miaka thelathini na minne Jerida hakutaka kusikia habari za busaa. Sasa hupiga kila Jumapili saa kama hii, na hata salamu hangoji.

Musimbi anashuka kwenye kiti, anapokea, anaweka sauti kubwa.

"Magunzi yamekauka?" sauti ya mwanamke mzee inauliza.

"Bado kidogo, mama."

"Yageuze."