Wati tano kwenye mzigo wa wati kumi: TV yangu ya zamani ilivyotaka kuniunguzia mtoto Kawale

Wakuu, salamu. Haya niliyaona kwa macho yangu na kuyanusa kwa pua yangu, sikusimuliwa.

Uvumilivu uliniisha siku nilipomnyakua mwanangu kitandani, moshi ukitoka nyuma ya TV, kisha fundi wa TV akaniita mama kwa lugha ya huko na kuniuliza, "Amayi, we mkimbizi, utalalamika wapi?"

Nirudi nyuma kidogo.

Miaka ile kwetu Uvira vita vilikuwa bado vinawaka. Mi nilikimbilia nchi nyingine, nikapanga chumba kimoja mtaa wa Kawale, nikishona nguo, mtoto mgongoni.

TV ilikuwa ya boksi la mbao, nyeusi na nyeupe. Niliipenda. Majirani walikuja kungoja habari za nyumbani.

Ndani yake kuna kipande cha umeme kinachotoa joto sana. Sisi Wakongo tunakiita rezistansi. Kiliungua, fundi wa sokoni akabadilisha. Kikaungua tena. Akabadilisha tena, kipya cha aina ileile.

"TV za kale zina joto, ndiyo tabia yake," alisema.

Mara ya tatu njo ukatoka ule moshi. Nikaenda kwake na mtoto, akanijibu vile nilivyoandika hapo juu, na wenzake wakacheka.

Niliondoka na hasira zangu.

Nikafunga TV kwa kitenge, nikapanda gari hadi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kwa papa mmoja, mzee wa kwetu aliyekuwa anatengeneza redio Uvira kabla ya kukimbia.

Aliifungua, akakitazama kile kipande kilichoungua, akacheka polepole.

"Mama, namba ya ohm, ile ya kuzuia umeme, iko sawa. Lakini wati ni kama bantu, watu wa kubeba. Huu mzigo ni wa bantu kumi, yeye ameuweka kwa bantu tano. Watavunjika migongo."

"Na bodi, hiki kibao cha ndani, kuwa nyeusi hivi?"

"Amekilaza juu yake. Chungu unakilaza chini ama unakiweka juu ya mafiga?"

Wakuu, nilicheka mpaka mtoto akaamka.

Papa akaweka cha wati kumi, akakiacha na miguu mirefu, kimesimama mbali na bodi ili hewa ipite chini. Hakukata miguu hata kidogo. Na kabla ya kugusa kitu alitoa kwanza umeme uliobaki ndani, maana TV iliyochomolewa bado inaweza kukurusha. Wewe wa nyumbani usijaribu.

Nilirudi Kawale, nikawasha, nikakaa mbele yake na ndoo ya mchanga. Saa tatu nzima. Hakuna moshi, hakuna harufu. Nikapika nsima, ugali wa huko, nikala kwa raha.

TV ilidumu miaka, na mtoto yule sasa ananizidi urefu.

Funzo: ukibadilisha kinachotoa joto, uliza wati, na uliza kimekaa vipi. Nanyi mafundi humu, mnakilaza au mnakisimamisha? Semeni ukweli.

Ila raha haikunifutia hasira. Kesho yake niliipeleka barua hii kwa kamati ya soko, ikapigwa muhuri mbele yangu:

"Nalalamika kwamba fundi wa redio na TV aliweka mara mbili kipande cha wati tano mahali pa wati kumi, akakilaza kwenye bodi, mtoto wangu akiwa amelala kando. Kipande kilichoungua nimekibandika hapa chini kwa selotepu. Naomba aamriwe kuzifungua upya TV zote alizozitengeneza hivyo, kabla ya mtoto wa mwingine kulala kando yake. Aliniuliza mkimbizi atalalamika wapi. Hapa."