Siku Nilipowasha Moto Sokoni Muheto

Mimi nikishaitwa mkalimani huwa siambiliki. Siku ile sokoni Muheto nilivaa shati jeupe, nikanyoosha shingo, nikasimama kando ya mgeni wa Kiingereza aliyetumwa kusikiliza shida za wamama wauza maziwa.

Shida yenyewe dada yangu mkubwa, naye muuza maziwa, aliijua kuliko wote. Prezida wa soko alikuwa amejaza mbao zake ndani ya hangari, lile banda lenye kivuli, wamama wakatupwa juani na mabidoni yao, madumu ya maziwa. Kufika saa sita maziwa yamechacha, mnunuzi anakunja pua, anaenda zake. Kama hangari isingerudi, dada angeacha biashara, na aliipenda mno.

Mgeni akatabasamu, akasema: "I want to spark a debate." Aa, hiyo naijua! "Spark" si cheche? Nikapaza sauti: "Mugeni anasema amekuja kuwasha moto hapa!"

Mungu wangu! Wamama waliinuka wote, mabidoni kichwani. Kwetu vita haviishi; ukisikia moto huulizi ni wa nini, unatafuta viatu.

"Tumechoka kukimbia!" dada akanifokea mbele ya watu. "Umuambie arudi kwao na moto yake!"

"Haiko moto ya kuni, dada! Iko moto ya maneno!"

"Ya maneno njo inachomaka manyumba!"

Nilitamani ardhi inimeze. Mgeni ananivuta shati, anauliza kuna nini. Basi nikaachana na cheche, nikashika "debate", yaani mjadala, nikasema kama mtu aliyezaliwa hapo: "Mama zangu, anaomba tuongee wazi juu ya hangari. Kila mutu aseme yake, na Papa Prezida ajibu."

Dada akatua bidoni chini. "Si ungesema vile tangu mwanzo, wewe mwenye kusoma?" Kisha akamgeukia prezida, aliyekuwa amesimama mlangoni pa hangari. "Papa, na heshima yote. Maziwa inaharibikaka na jua. Mbao yako, inachachaka?"

Soko zima likaangua kicheko. Prezida akaleta sababu mbili tatu, wamama wakazikata zote, wengine wakimwigiza anavyokohoa. Mwishowe naye akacheka, akavua koti, akabeba ubao wa kwanza mwenyewe. Moyo wangu ulijaa furaha.

Mgeni akaninong'oneza: mjadala utaanza saa ngapi? Nikamwambia umekwisha, na tafadhali asogee, amesimama mahali pa dada yangu pa kuuzia maziwa.