Mabao Niliyofunga Redioni

Mguu wangu wa kulia ulikauka kwa polio kabla sijajifunza kutembea, lakini misimu miwili mfululizo nilifunga mabao katika ligi kuu ya Uganda. Redio ilisema hivyo. Mtangazaji alilitaja jina langu lote, la ukoo na la ubatizo, akasema nimempita beki wa kwanza, nimempita wa pili, na mimi wakati huo nimekaa kwenye baiskeli yangu ya magurudumu matatu, ile ya kuendeshwa kwa mikono, nasubiri kupakiwa magunia ya unga upande wa Kenya. Wapakiaji wa Busia, pale mpakani, walikuwa wakiutazama mguu wangu na kucheka. Mmoja alizoea kunionya nisichoke na mizigo, Jumamosi nina mechi.

Aliyekuwa akifunga ni mdogo wangu. Mimi nilikuwa nimemwazima jina, na hadi leo, katika daftari fulani la jeshi, mimi ni marehemu. Haya nayaandika kwa vipande, kati ya mzigo na mzigo, kwa sababu siwezi kukaa mahali pamoja. Nikikaa sana naanza kusikia tena jina langu likiitwa.

Tulizaliwa kijijini Mwello, upande wa Tororo, tukagawana mapema: yeye miguu, mimi vitabu. Aliacha shule kidato cha tatu kwa kuwa timu moja ya Tororo mjini ilimpa viatu na chakula cha mchana, na mazoezi yalikuwa asubuhi. Nilikwenda kumtazama mara moja, nikasimama na mkongojo wangu pembeni ya uwanja, ule Mwamba mkubwa unaosimama juu ya mji ukituangalia sote. Alikuwa winga wa kushoto. Mpira ulipomfikia watu walisimama kabla hajafanya lolote. Nilimwonea fahari na wivu, vyote kwa pamoja, na sijawahi kujua kipi kilikuwa kikubwa.

Kisha kocha wa timu moja ya jeshi akamtaka. Lakini mchezaji wa timu ya jeshi lazima kwanza awe askari, na askari lazima awe na cheti cha kidato cha nne. Cheti kimoja tu kilikuwa nyumbani, changu, kwenye sanduku la bati la mama. Mama aliniita, akaniambia kwamba jeshi halitanichukua mimi hata nikiwa na vyeti kumi, basi kwa nini karatasi ioze sandukuni na mwenzangu ana miguu. Nilikasirika kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Nusu nyingine ni kwamba nilikitaka cheti kile kwa chuo cha ualimu. Picha iliyokuwa juu yake ilionyesha uso tu, na nyuso zetu zilifanana. Nilikitoa. Mwezi uliofuata nikahamia Busia kuvusha unga, kazi isiyouliza cheti.

Nguo ya kuazima haisitiri matako. Kila alipokuja likizo na wenzake wa kambini, nyumba nzima ililazimika kumwita kwa jina langu. Mama ndiye aliyeteseka zaidi. Siku moja alijisahau, akamwita jina lake lenyewe mbele ya kipa wa timu. Kipa akageuka. Mama akasingizia kwamba anamwita mbwa. Mdogo wangu alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaacha chakula chake kama kilivyo akatoka nje. Tangu siku hiyo mama hakulitamka tena jina lile, hata tulipokuwa peke yetu. Alimwita "wewe".

Msimu wa tatu goti lake liliumia, likapona lakini si kwa mpira tena. Timu ikampa mwingine jezi yake, na kwa kuwa karatasi zilisema yeye ni askari, wakampeleka Somalia kama askari yeyote. Alinipigia simu mara moja kutoka huko. Aliniambia nisiwe na wasiwasi, jina langu amelivalisha kofia ya chuma. Nilimwambia alirudishe bila mkwaruzo. Tulicheka. Ningejua, ningesema kitu kingine.

Baba mdogo alinipigia asubuhi moja nikiwa katikati ya mpaka, nimepakia magunia manne. Alisema wanajeshi wawili wamefika nyumbani kumwambia mama kwamba nimekufa. Magari yalinipigia honi mbele na nyuma. Nilikaa pale nikilitazama gunia la juu, nikasoma maandishi yake yote, uzito na jina la kinu, kisha nikaacha kila kitu na kuomba nipelekwe Mwello.

Kwetu marehemu huliliwa kwa jina. Mwanamke akiingia uani humwita aliyekufa, humuuliza amekwenda wapi. Lakini siku ya mazishi askari walioleta jeneza walikuwa wamekaa nalo chini ya hema, wanasikiliza, basi wanawake wote walilia "mwanangu, mwanangu" kama watu waliosahau wamekuja kumlilia nani. Mama alilia mdomo ukiwa umefungwa. Sijawahi kusikia sauti ya namna ile, na sitaki kuisikia tena.

Wazee wa ukoo walikaa wakaamua. Wakigundua tumewadanganya, alisema baba mdogo, watatufunga, na huenda wakamrudisha mtoto kwenye jokofu lao mpaka kesi iishe. Azikwe kwa jina langu. Askari wakishaondoka, tutabadilisha msalaba. Mimi nikae nyuma ya jiko nisionekane. Kilichonisumbua ni maneno ya bibi yetu, kwamba jina la mtu aliye hai haliitwi juu ya kaburi lililo wazi, maana anayeitwa hivyo huwa amezikwa nusu. Niliwaambia wazee kwamba siamini mambo hayo. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mama aliniangalia. Alikuwa akizika mtoto mmoja, na wanaume wakampangia azike wawili.

Nyuma ya jiko sikuweza kukaa. Nilizunguka tanuri la matofali, nikahesabu kuku, nikazunguka tena. Mahubiri yakaisha. Nikasikia buti zikijipanga, nikachungulia. Afisa alikuwa amesimama kwenye kichwa cha kaburi, karatasi mkononi, na pembeni yake askari wenye bunduki za kupiga risasi za heshima. Kumbe kabla ya risasi huwa wanamwita marehemu mara tatu, kama kwenye paredi, na ukimya wake ndio jibu.

Afisa akaliita jina langu. Kimya.

Akaliita mara ya pili. Mama aliyekuwa ameketi mkekani aligeuza kichwa, akaacha kulitazama jeneza, akaanza kunitafuta mimi kwa macho.

Akaliita mara ya tatu.

"Nipo," nikasema.

Nilikuwa nimeshafika mbele ya jiko na mkongojo wangu. Watu waligeuka wote. Baba mdogo akaweka mikono kichwani. Afisa aliuliza kwa Kiswahili cha kambini, bila kupandisha sauti.

"Nani najibu?"

"Mimi, afande. Jina hiyo ni yangu."

Aliniangalia uso, akaangalia picha iliyokuwa juu ya jeneza, akarudi kwangu na kushuka polepole mpaka mguuni. Macho yake yakabaki hapo. Nadhani alikuwa mmoja wa waliowahi kukaa jukwaani siku za mechi wakilishangilia jina hilo. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilikuwa nimesimama pasipo hamu ya kwenda popote.

"Na huyu iko ndani ni nani?"

Nilimgeukia mama. Jina lile halikuwa langu kulisema. Mama alijiinua kutoka mkekani, akakataa mkono wa aliyetaka kumshika, akasogea hadi ukingoni mwa kaburi. Akalitamka jina lake. Alilitamka kama zamani alipoita kutoka mlangoni, ugali wa mtama ukianza kupoa na mtoto bado yuko kiwanjani na mpira. Akaliita tena, kwa nguvu zaidi, na wanawake wote wakalipokea, wakaanza kumuuliza amekwenda wapi.

Afisa aliwaacha walie. Kisha akaikunja karatasi yake mara mbili, akaitia mfukoni na kufunga kifungo. Akasimama wima, akamwita mdogo wangu upya, kwa jina lile alilompa mama, mara tatu.

Safari hii hakuna aliyejibu.