Bi Ulfat Arudi Kwenye Sufuria

Tangu apatikane na kisukari, Bi Ulfat, mpishi wa halua wa Mkokotoni, kazi ya kuonja alimwachia wifi yake Kazija, na harusini watu wakaanza kunong'ona kwamba halua yake imepungua ladha. Sasa amebandikwa mkononi kidude kinachopima sukari bila kutobolewa kidole, na bintiye aliyeko Mjini anaisoma kwenye simu. Walikubaliana kwamba akionja ikapanda, mama ataacha kupika kabisa.

Halua ilipoiva, Kazija akiwa ndiye aliyeshika mwiko, Bi Ulfat akalamba ncha yake, akasubiri bintiye apige. Hatimaye simu ikalia.

“Shikamoo mama. Ushaonja?”

“Marahaba. Nshaonja.”

“Nnaona hapa. Imetulia vile vile.”

Bi Ulfat akaizunguka sufuria akinengua kama bibi harusi.

“Wifi, nipishe. Halua gani hii haina iliki?”

“Shika mwiko wako,” Kazija akasema, akicheka kama aliyetuliwa mzigo.