Refa na Mtani Wake

Watu wa Kilosa walikuwa na neno moja tu kuhusu refa Theodory: mwoga. Bondia akiyumba kidogo, yeye ameshasimamisha pambano, na ukumbi mzima unamzomea. Hawakukosea. Aliogopa kweli, ila si kelele zao.

Woga huo ulianza siku ya Sabasaba, mwaka 1973. Ngumi zilipiganwa mjini, na refa alikuwa yeye peke yake, karani wa stesheni aliyejifunza kazi hiyo kwenye klabu ya reli. Ulingoni walipanda Vitalis wa Mikumi na Lazaro wa kijiji cha Ujamaa cha Kisanga, mtoto wa Wanyamwezi waliokuja zamani kukata mkonge. Theodory alikuwa Msagara. Yeye na Lazaro walikuwa watani, hawakukutana bila kutukanana na kucheka.

Raundi ya pili Vitalis alimchapa Lazaro ngumi ya sikio, Lazaro akaenda chini. Akainuka hesabu ilipofika saba. Theodory akamshika glovu, akamtazama machoni kama kanuni inavyotaka, akamuuliza yuko wapi. Asipojibu sawasawa, pambano limekwisha.

"Tangu lini mtumwa akamuuliza bwana wake?" Lazaro alisema.

Ukumbi ukaangua kicheko. Theodory naye, Mungu amsamehe, akacheka. Anayekumbuka utani ana akili zake timamu, alijiambia, akawaachia waendelee. Maneno yale Lazaro aliyasema kila siku. Hata usingizini angeyasema. Na swali hakulijibu. Ngumi iliyofuata haikuwa hata kali. Lazaro alifia hospitalini kabla ya kupambazuka.

Hakuna aliyemlaumu Theodory, na hilo ndilo lililomtesa. Msibani alikaa nyuma kabisa, akitamani ardhi immeze, mpaka mama wa marehemu, Agnesi, akamfuata. Theodory akamwamkia shikamoo. Kwa desturi mtani ndiye huzuia maiti isitoke na kumkejeli marehemu, ili wafiwa wapate kupumua.

"Mtani wetu, mbona umenyamaza?" Agnesi alimwambia. "Mwanangu azikwe kama mtu asiye na watu?"

Theodory akaenda kulala mlangoni, mbele ya jeneza, akamwita Lazaro mvivu, analala mchana wenzake wako shambani. Waombolezaji walicheka. Agnesi naye akacheka huku machozi yakimtiririka. Kisha akainama, akamshika refa mikono yote miwili, akamshukuru.